Risasi Sita za Mbele ya Mkanda

Mwanangu Shemsa,

Salamu zako zipo, nimekuwekea mwisho. Leo siwezi kuanza nazo. Nianze na mkanda.

Baada ya adhuhuri, nyinyi nyote mmelala, nimeingia majlis, chumba chetu cha wageni, kuchukua birika la kahawa nikaukuta mkanda wa risasi wa babu yako pale ukutani unang'aa. Mkanda ule haujang'aa tangu sijaolewa. Kila mgeni anayeingia nyumba hii anauona mweusi kama sufuria ya kuni. Wewe mwenyewe tangu mdogo ulikuwa ukiniuliza kwa nini siku ya Idi, wanaume wanapocheza razha na bunduki zao, mikanda ya wenzetu inametameta na wetu unabaki msumarini umefanya weusi, tena una mianya sita mitupu pale mbele. Nilikwambia ndimu inaharibu shaba. Nilikuongopea. Sasa nimeona maganda ya ndimu kwenye ndoo ya taka, na majivu ya jiko la mishikaki yamechotwa, nikajua ni mkono wa nani. Ulitaka kuupiga picha umtumie yule mwenzako wa Marekani.

Sikugombezi. Ila nilikaa pale pale kwenye zulia mpaka kahawa ikapoa.

Ungetaka nikutumie sauti kwenye simu, lakini wewe sauti zangu unazisikiliza kwa mbio, nasikika kama kasuku. Hii utaisoma pole pole. Ukikwama neno usinitumie alama ya kuuliza, muulize baba yako. Na mambo ya koti, ya kusali kwa wakati na ya kutokula nyama isiyo halali umeshayasikia kwa shangazi zako wote watatu, mimi sirudii.

Nina jambo moja. Juzi kwenye chakula ulimwonesha baba yako simu. Yule msichana mtakayekaa naye chumba kimoja huko unakokwenda kusoma, baba yake huwinda kulungu kila mwaka majani yakishapukutika, tena kwa bastola, na amekualika. Mzee huyo akakupigia picha maboksi matatu ya risasi yaliyopangwa dukani, akasema chagua utakayo, yeye atanunua. Ukamwekea baba yako simu karibu na sahani ukamuuliza, kwa kulungu ni ipi? Baba yako akarudisha tonge la wali sahanini, akainuka, akanawa mikono, akatoka nje. Wala wakati wa sala ulikuwa haujafika. Wewe ukaninong'oneza kwamba Baba hapendi mtoto wa kike ashike silaha.

Hebu acha maneno yako. Ni yeye huyo huyo aliyekuwa akikupeleka Maskati kila Ijumaa ujifunze kulenga shabaha, akikaa nje kwenye gari saa mbili nzima na joto lile. Hakukasirika. Alishindwa kujibu. Na wewe ulimuuliza asiyestahili kuulizwa. Swali lile lilikuwa langu.

Sisi kwetu ni Tabora, hilo unalijua. Nilikuja huku Ibra, Oman, nina miaka minane, sijui Kiarabu hata cha kuombea maji. Watu wakatuita Wazinjibari, sisi tusioijua Unguja hata kwa picha. Babu yako kule Tabora alikuwa mwindaji, mtu wa kulala msituni siku kumi. Huku hakuwa na msitu. Alikuwa na duka la vitambaa, na bastola aliyorithi kwa kaka yake aliyetangulia kurudi, ile ya silinda ya risasi sita, na kibali chake, pamoja na huo mkanda. Siku ya Idi akiuvaa juu ya dishdasha, kanzu yake nyeupe, akasimama kwenye safu ya razha, hakuna aliyemwita Mzinjibari. Ndiyo maana mkanda ule ulikuwa mkubwa kwetu kuliko thamani yake.

Kazi ya kuusugua ilikuwa yangu. Tangu nina miaka tisa, akirudi kununua mbuzi kwenye soko la kuamkia Idi, mimi nimeshakaa uani na majivu na ndimu. Mkanda ulikuwa na risasi ishirini na nne. Kumi na mbili za mbele zilikuwa shaba tupu, kuanzia ganda mpaka kichwani, na kichwa chake mviringo laini. Hizo ndizo zilizokuwa zikisuguliwa, kwa sababu ndizo zilizoonekana. Za nyuma, zinazofichwa na joho, zilikuwa na vichwa vya kijivu, butu, bapa kwa juu, kama vile ametokea mtu akavikata. Hizo nikizipangusa vumbi tu. Nikizionea haya, wallahi. Nilidhani babu yako aliishiwa pesa akanunua mbovu ajazie.

Mjomba wako Seif ulimkuta kwenye ile picha moja tu, kasimama na baiskeli. Ndugu yangu yule alikuwa na miaka ishirini, ameanza kazi Sur, akirudi kwetu mwisho wa wiki na samaki mkavu na maneno mengi. Alikuwa mchekeshaji, na mchekeshaji huumia kuliko watu wengine, maana hakuna anayemwona akiumia. Vijana wenzake kazini walimwambia Mzinjibari hodari wake ni kupika biriani, bunduki hajui inashikwa upande gani. Waliisema kwa kucheka, naye akacheka. Alipofika nyumbani aliirudia mara tatu mbele yangu, na mara ya tatu hakucheka.

Babu na bibi yako walikuwa wamekwenda Nizwa kwenye taazia, walale huko. Ilikuwa katikati ya kiangazi. Kuwinda paa serikali ilikuwa imekataza, wakati ule kama sasa, na Seif alilijua hilo vizuri. Alitaka paa mmoja tu, ampeleke Sur, awafunge midomo. Akachukua bastola kwenye kasha la babu yako. Risasi za mkandani hakujua achukue zipi, akanijia jikoni. Mimi ndiye niliyeujua mkanda ule kuliko mtu yeyote nyumbani, nimeusugua miaka sita. Akaniambia, "Nipe sita nzuri."

Nikampa sita za mbele.

Nilizichagua, Shemsa. Sikuchomoa tu. Niligeuza moja moja kwenye mwanga wa dirisha, yenye doa nikairudisha. Akanibusu kipaji cha uso akasema mimi ndiye mtu pekee mwenye akili kwenye nyumba ile. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na sikumbuki kama niliwahi kufurahi zaidi ya pale.

Alikwenda na rafiki yake mmoja mwenye gari. Rafiki huyo ndiye baba yako.

Hapo tulia kidogo. Najua hujawahi kusikia hili. Umesikia kwamba mjomba wako alipotea jangwani na kwamba yeye na baba yako walikuwa marafiki. Hakuna aliyekuunganishia.

Walitoka alfajiri, wakapita Al Mintirib, wakaiacha michanga upande mmoja wakashika uwanda wa changarawe wenye migunga. Walimwona paa jua likichomoza. Seif alishuka, akanyemelea mpaka hatua thelathini, akataja jina la Mungu akapiga mara mbili. Ya kwanza ilikosa. Ya pili ilimpiga nyuma ya bega, panapotakiwa hasa, hata babu yako asingepiga vizuri zaidi. Baba yako aliona kwa macho yake. Lakini aliona pia vumbi limeruka chini nyuma ya yule paa, na paa akashtuka kidogo, kama aliyeumwa na nyuki, akakimbia. Wakadhani wamekosa. Walipofika pale alipokuwa amesimama wakakuta tone la damu. Moja.

Risasi ile ya shaba mviringo ilikuwa imeingia upande huu ikatokea upande wa pili bila kubadilika umbo. Ilitoboa kama sindano ya kushonea magunia. Ndani aliumia, lakini tundu lilijifunga, damu ikabaki kifuani mwake, na mnyama ana nguvu ya kukimbia mbali sana kabla hajajua kwamba amekufa. Za kijivu zingefunguka. Asingefika hatua hamsini.

Seif hakutaka kumwacha. Alisema hawezi kumtoboa kiumbe wa Mungu halafu akarudi nyumbani kunywa chai. Akachukua kisu na chupa moja ya maji, akamwambia baba yako azungushe gari, wakutane upande wa pili wa wadi, lile bonde la mto mkavu, penye majabali. Akafuata nyayo kwa miguu.

Gari likakwama mchangani. Baba yako alichimba kwa mikono na sahani ya gurudumu mpaka saa sita mchana. Alipofika majabalini, Seif hayupo. Akapiga honi, akaita. Hapo ndipo alipotakiwa kwenda polisi Al Mintirib, dakika arobaini tu kwa gari. Hakwenda. Waliwinda kilichokatazwa, kwa bastola isiyo yao, naye alikuwa kijana wa miaka ishirini na moja, akaona khofu. Akamtafuta peke yake mpaka magharibi. Ndipo akaenda kusema.

Walimkuta kesho yake. Alikuwa chini ya mgunga, amevua viatu, ameviweka pamoja kama mtu anayeingia msikitini. Chupa tupu. Kisu kiunoni, safi. Bastola ilikuwa na maganda matano, mawili ya paa na matatu aliyopiga hewani kuita watu. Alibakisha risasi moja. Sijui aliibakishia nini, na nimejizuia miaka yote hii nisijiulize.

Paa walimkuta hatua mia mbili mbele, kwenye bonde dogo. Mzee aliyefuata nyayo alimwambia babu yako kwamba mnyama yule alikufa mapema asubuhi, na kwamba tundu lake lingezibwa kwa kucha ya kidole cha mwisho. Hakutoa damu ya kufuatika. Mjomba wako alizunguka siku nzima kwenye kiangazi kile akimtafuta mnyama aliyekwisha kufa.

Polisi walichukua bastola. Mkanda walituachia, risasi zilizobaki zikatolewa baruti. Babu yako aliporudi kutoka taazia ya watu kuja kwenye taazia yake, jambo la kwanza aliuchukua mkanda. Akatazama mbele, akaona mianya sita. Akaugeuza nyuma, akaona za kijivu zipo zote kumi na mbili. Kisha akaniangalia. Nilisimama mlangoni na sinia la vikombe. Akautundika msumarini, na Idi ile hakuuvaa, wala nyingine yoyote. Mimi sikuambiwa tena kuusugua. Nikauona unafifia mwaka hata mwaka mpaka ukawa mweusi, na kila Idi nikijua kwamba wawili tunajua.

Baba yako alikuwa akija kila Alkhamisi kukaa na babu yako. Anakunywa finjani mbili, hainui macho, anaondoka. Mjini walisema yeye ndiye aliyemuua Seif kwa woga wake. Walisema hata mbele yake. Miaka minne baadaye alinichumbia, babu yako akakubali, na mimi nikakubali. Wanawake wakanisifu. Wakasema binti huyu ana moyo, amemsamehe aliyemwacha ndugu yake afe. Nami ile sifa nikaipokea. Niliipokea nikaivaa.

Hilo ndilo kosa langu, Shemsa. Zile risasi sita nilikuwa mtoto, nilichagua kwa macho ya mtoto aliyefundishwa kung'arisha. Lakini nilipoolewa nilikuwa mtu mzima. Unamjua baba yako. Mnamcheka kwa madumu yake mawili ya maji kwenye buti la gari, hata akienda kununua mkate. Mnamcheka anavyopiga simu mara tatu mtu akichelewa nusu saa. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu aliniambia, "Ningekwenda polisi saa ile ya mchana, leo tungekuwa na Seif." Nilikuwa na jibu mdomoni. Nilitakiwa kumwambia kwamba hata kama yeye asingechelewa, safari ile ilikwishaharibika jikoni kwetu, mikononi mwangu. Nikamwambia alale. Ana mzigo wa watu wawili, amebeba peke yake zaidi ya miaka thelathini, na mimi namtengenezea kahawa.

Nilimpenda baadaye, usije ukadhani vingine. Nilimpenda sana, nampenda hata sasa, na ndiyo maana kila mwaka ulifanya jambo lile kuwa gumu zaidi kusema.

Babu yako alipokuwa mgonjwa wa mwisho, wewe ulikuwa unatambaa, aliniambia nimletee mkanda kitandani. Nikajua saa yangu imefika. Akachomoa moja ya mbele na moja ya nyuma, akaniwekea zote mbili kiganjani, akaanza kunifundisha. Alinifundisha jioni tatu mfululizo, mtu aliyekuwa hawezi kumaliza bakuli la uji. Jioni ya tatu akazirudisha mahali pake, akasema, "Nilikufundisha kusugua. Sikukufundisha kuchagua. Kosa lile ni langu." Nililia nikambusu mkono. Wiki iliyofuata tulimzika.

Basi mimi sitakufanya wewe kama nilivyofanywa. Nilifikiri kukukataza, usiku kucha nilifikiri. Ningekataza ungeniitikia labeka hapa na ukaenda kule, maana nakujua, na ungekwenda hujui kitu. Afadhali uende unajua.

Ile picha ya maboksi nimeitazama jana ulipokuwa unafunga sanduku. Nisamehe kwa kushika simu yako.

Kwanza ujue bastola si bunduki. Risasi ya bunduki ina mwendo mkali, inaharibu hata pembeni mwa njia yake. Ya bastola ni nzito na ya pole pole, inaua kile inachokigusa tu. Kwa hiyo inatakiwa ifanye mambo mawili yanayogombana: ifike ndani kabisa, ipite bega na mbavu mpaka mapafu na moyo, na wakati huo huo ifunguke njiani. Risasi nyingi zinajua moja, haziwezi la pili.

Boksi la kushoto, lile la bei nafuu, ni zile zile za mbele ya mkanda. Mviringo, shaba mpaka kichwani. Zimetengenezwa kwa kutoboa karatasi. Zinapita, hazifunguki. Mwambie baba wa mwenzako kwa adabu kwamba hizo hupeleki porini, na akikwambia zinatosha, usiende naye. Nadhani pia mahali pengi kwao sheria yenyewe inazikataza kwa mnyama, lakini uliza sheria ya jimbo lao, na uliza aina ya bastola inayokubaliwa na kibali chako wewe mgeni, usitegemee la kuambiwa mezani.

Boksi la katikati ndilo zuri kuliko yote kwa macho, na ndilo ungelichagua, kwa sababu ni mwanangu. Risasi zake zina tundu kichwani na zimepigwa rangi ya fedha. Hizo ni nyepesi, zimetengenezwa kwa mtu anayejilinda nyumbani kwake. Zinafunguka mapema mno. Zikikutana na bega la kulungu zinachanua juu juu zinasimama hapo, na mnyama anakwenda na miguu mitatu kufa siku ya tatu. Babu yako alimwona pofu mmoja, yule swala mkubwa, kule Tabora, aliyepigwa hivyo, hakupenda kulizungumza.

La kulia, lile lililokunjika pembe, lina vichwa vya kijivu, bapa, shaba imefika nusu tu. Baya kwa sura. Hilo ndilo lako. Lichukue la uzito mkubwa katika saizi ile, na uwe na hakika boksi limeandikwa la kuwindia. Namba iliyo kwenye boksi iwe ile ile iliyochongwa kwenye mtutu, usome mwenyewe, usisomewe. Na bastola iwe hiyo kubwa ya silinda ya mzee huyo, ile waliyoiandika magnum. Ile ndogo uliyozoea kwenye shabaha, ya milimita tisa, iache nyumbani, haimfai kulungu.

Halafu ujizoeze kwa risasi hizo hizo utakazokwenda nazo. Nzito zinapiga mkono, na hazipigi pale nyepesi zinapopiga. Weka sahani ya ukubwa wa ile yetu ya halua. Umbali ambao sita zote zinaingia kwenye sahani, ndio umbali wako. Huenda ukawa kutoka geti letu mpaka mlango wa jikoni, basi ndio huo huo, hata kulungu akiwa amesimama hatua kumi zaidi anakutazama na mwenzako anakwambia piga. Hapo watakucheka. Watasema msichana wa Kiarabu ameogopa. Mjomba wako alikwenda kule kwa sababu ya kicheko.

Ukishapiga, kaa chini. Nusu saa. Mnyama asiyefukuzwa hulala karibu. Kisha mfuate, lakini si peke yako, na maji, na mtu aliyebaki nyuma ajue mmekwenda upande gani. Akichelewa mmoja wenu, mtu aombe msaada saa ile ile, hata kama mna kosa, hata kama mtafungwa. Kifungo kina mwisho wake.

Na ukiona usiku wa kuamkia mawindo moyo wako mzito, kaa nyumbani kwao usaidie kukata vitunguu. Hakuna atakayekuuliza.

Nina khofu, sikufichi. Nimekunja nguo zako zilizobaki na kila nilipopita mlango wa majlis ule mng'ao umenifuata. Umeusugua vizuri sana, umeingia mpaka kwenye mifereji midogo ya ganda, kama nilivyokuwa nikifanya mimi, na hakuna aliyekufundisha. Hata za kijivu hukuzigusa, umezipangusa vumbi tu. Nimeziangalia mwenyewe. Hapo ndipo nilipokuja kuchukua karatasi.

Asubuhi tutakupeleka uwanja wa ndege. Tukifika Fanja baba yako atasimama akununulie tende, kama kawaida yake, na atakuuliza kama umechukua maji. Usimcheke safari hii. Mwambie ndiyo, Baba, nimechukua, na umshike mkono.

Barua hii nilikuwa nimepanga kuifunga kwa gundi na kuitia chini ya nguo zako. Sasa nimeona sitaifunga. Nitampa baba yako aiweke sandukuni, bahasha wazi, na nitamwambia asome kwanza. Ukiikuta imekunjwa tofauti na ninavyokunja mimi, jua amesoma. Ukiikosa kabisa, usimuulize. Nipigie mimi.

Ameshaamka. Namsikia anatoka chumbani, anapita ukumbini na ndara zake. Ameingia majlis. Amesimama, maana ndara zimenyamaza.

Nakupenda, Shemsa. Mungu akutangulie kila uendapo, akurudishe mzima. Hizo ndizo salamu, sina nyingine.

Anaita kutoka majlis, sauti yake ya chini ile, anauliza, "Nani kausugua mkanda huu?"

Naenda kumjibu. Nitaanzia jikoni, kwenye zile sita.

Mama yako